Sumu ya ugomvi usiotuhusu

Kuanzia Aprili 28 mwaka 1994, daraja la Rusumo lilimiminikiwa na watu usiku na mchana. Katika muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walikuwa wameshavuka Mto Kagera na kuingia wilayani Ngara, magodoro kichwani na watoto mgongoni. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijapata kuona wimbi kubwa na la haraka kiasi hicho. Walipelekwa Benaco, uwanda ulio kando ya barabara kuu, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliano iliyopiga kambi hapo wakati wa ujenzi wa barabara. Robo milioni ya watu wakawekwa pale ambapo siku chache nyuma palikuwa na nyasi, vichaka na bwawa dogo.

Palipo na watu wengi, maji machache na vyoo haba, waganga hawahitaji kuambiwa kinachofuata. Kuhara damu kulikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyowashughulisha zaidi katika kambi za ukanda huu. Mgonjwa hupata homa, tumbo humsokota, kisha hukimbilia chooni kila baada ya muda mfupi na kutoa damu na kamasi tupu. Kwa mtoto aliyekwisha dhoofika kwa njaa na mwendo mrefu, siku chache tu zinatosha kummaliza.

Bakteria aliyetawala ugonjwa huo katika nchi za Maziwa Makuu tangu mwaka 1979 anaitwa Shigella dysenteriae aina ya kwanza. Jina lake linatokana na Kiyoshi Shiga, daktari wa Kijapani aliyemtambua mwaka 1897 wakati Japani ikiwa katikati ya mlipuko uliowapata watu zaidi ya 90,000. Mwaka 2016, watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Paris walisoma vinasaba vya bakteria huyu kutoka katika sampuli zaidi ya 300 zilizohifadhiwa kwa karibu karne nzima duniani kote. Waliona kwamba ameishi nasi tangu angalau karne ya 18, na kwamba mawimbi ya mwisho yaliyoipiga Afrika yalitoka Bara Hindi. Kwa hiyo kilichofika Ngara kilikuwa msafiri wa siku nyingi, mwenye uzoefu wa vita, njaa na kambi.

Kinachomfanya awe hatari ni uchache wake. Kipindupindu, ili kimwangushe mtu mwenye afya, kwa kawaida huhitaji bakteria kwa mamilioni, kwa sababu asidi ya tumbo huwaua wengi njiani. Shigella huhitaji kati ya 10 na 100 tu. Idadi hiyo inaenea kwenye ukucha wa mtoto, kwenye kikombe kilichosuuzwa ovyo, kwenye mguu wa nzi.

Miezi miwili na nusu baada ya wimbi la Rusumo, upande wa pili wa Rwanda, ndugu wa wakimbizi hao walivuka kuingia Goma. Huko kipindupindu kilithibitishwa Julai 20, na ndani ya mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara. Kuhara damu kukafuatia. Benaco haikupatwa na balaa la kiasi hicho. Ardhi ya Ngara inachimbika kirahisi kuliko mawe ya volkano ya Goma, maji ya kusafishwa yalifika mapema, na mashirika yalikuwa yamejiandaa kiasi. Hata hivyo bakteria hao wawili, wa Goma na wa Ngara, ndio walionifanya niandike makala haya, kwa kuwa sumu zao zinasimulia hadithi moja ambayo wengi hatujaisikia.

Kabla sijaendelea, nitoe angalizo. Nitazungumza juu ya bakteria wanaouana, na eneo lenyewe ni mpaka wa nchi ambako mwaka huohuo binadamu waliuawa kwa mamia ya maelfu baada ya kuitwa wadudu na majirani zao. Msomaji asichukue humu mfano wowote wa watu. Bakteria hawana chuki wala dhamiri, na aliyeua mwaka 1994 alikuwa navyo vyote viwili.

Swali langu ni hili: bakteria anapata faida gani kutuua? Mgonjwa akifa, makao ya bakteria yanakufa naye. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilitufundisha kwamba sumu za bakteria ni silaha dhidi ya binadamu, na hapo somo likaishia. Utafiti wa miaka 20 hivi iliyopita umefungua mlango mwingine. Bakteria hutumia sehemu kubwa ya maisha yao wakipigana wao kwa wao, na dhidi ya viumbe wengine wadogo wanaowala. Katika ugomvi huo binadamu mara nyingi ni mpita njia.

Ili kuelewa silaha zao, inabidi tuifahamu molekuli moja ndogo iitwayo adenini. Ni miongoni mwa herufi nne ambazo vinasaba vya kila kiumbe huandikwa kwazo. Adenini ikiunganishwa na sukari na fosfeti, inakuwa nyukliotidi. Nyukliotidi yenye adenini na fosfeti tatu inaitwa ATP, na hiyo ndiyo nishati inayoendesha kila seli, ya mgomba, ya ng'ombe, ya bakteria na yako wewe unayesoma. Mtu mzima hutengeneza na kutumia kwa siku moja ATP inayokaribia uzito wa mwili wake. Bila adenini hakuna msuli unaojikunja wala ubongo unaowaza.

Sasa tazama Shigella anavyofanya. Sumu yake huingia ndani ya seli ya mwanadamu na kwenda moja kwa moja kwenye ribosomu, yaani kiwanda kinachotengeneza protini. Ribosomu ina maelfu ya herufi zilizopangwa kwa utaratibu. Sumu ya Shiga huchagua adenini moja tu, mahali palepale kila mara, na kuing'oa. Ribosomu nyingine yote inabaki salama, lakini kiwanda kimesimama na hakitafanya kazi tena. Sumu ikimaliza hapo huhamia ribosomu inayofuata. Mishipa midogo ya damu ya utumbo huharibika, na kwa baadhi ya watoto madhara hufika hadi kwenye figo.

Kipindupindu nacho huchezea adenini, ila kwa njia yake. Ndani ya seli za utumbo wetu kuna kimeng'enya kinachoigeuza ATP kuwa nyukliotidi ya mduara, ambayo kazi yake ni kupeleka habari: seli ikiiona nyingi, hufungua milango ya chumvi. Kwa kawaida kimeng'enya hicho huwashwa kwa muda mfupi kisha huzimwa. Sumu ya kipindupindu hukiwasha na kuhakikisha hakizimiki. Habari ya uongo inatangazwa bila kukoma, milango inabaki wazi, chumvi inatoka, maji yanaifuata. Mgonjwa mzito anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Seli zake hazijauawa, zimedanganywa tu. Ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari, yakinywewa mapema na kwa wingi, yanaokoa karibu kila mgonjwa.

Wote wawili, kwa hiyo, wameshika nyukliotidi. Nani aliwafundisha? Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Harvard, kundi la John Mekalanos lilikuwa likiwalisha amiba bakteria wa kipindupindu. Amiba hula bakteria, hiyo ndiyo riziki yake. Baadhi ya bakteria hao waligoma kuliwa na wakawaua walaji. Silaha waliyotumia haikuwa sumu tuliyoizoea. Ni mtambo unaojengwa ndani ya mwili wa bakteria, mrija mgumu wenye ncha, uliovikwa ala inayoweza kujibana, sawa na mshale uliowekwa kwenye upinde tayari kwa kufyatuliwa. Ala ikijibana, mrija hutoka nje kwa kasi ambayo jicho halifuati, unamtoboa jirani na kumwachia sumu ndani. Wataalamu waliuita Mfumo wa Utoaji wa Aina ya Sita. Mwaka huohuo Joseph Mougous na wenzake walionyesha mtambo wa aina hiyo kwa bakteria mwingine, Pseudomonas aeruginosa. Tangu hapo umeonekana kwa robo hivi ya bakteria wenye utando wa nje, na imebainika kwamba walengwa wakubwa ni bakteria wenzao.

Wazo lenyewe la bakteria kutiliana sumu si jipya. Mwaka 1925 André Gratia wa Ubelgiji alieleza dutu inayotolewa na bakteria mmoja wa utumbo na kumuua wa aina inayomkaribia. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunaona jinsi inavyofanyika. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba Shigella sonnei, binamu wa yule wa Benaco, hutumia mtambo wa aina ya sita kuwafukuza Shigella wa jamii nyingine pamoja na bakteria wakazi wa utumbo. Wapo pia watafiti wanaoamini kwamba sumu ya Shiga yenyewe ilianza kama kinga dhidi ya wanyama wa seli moja wanaowinda bakteria majini, kwa kuwa ribosomu za wanyama hao zina adenini ileile, mahali palepale, kama za kwetu. Hoja hiyo bado ina wapinzani. Mimi naiona ina uzito, maana inaeleza kwa nini silaha hiyo inatupata sisi bila bakteria kunufaika na vifo vyetu.

Sasa nije kwenye ugunduzi ulionivutia kuliko wote, na hapa nitakaa kidogo.

Bakteria akipungukiwa na chakula hafi papo hapo. Ana kengele yake ya dhiki. Mwaka 1969, Michael Cashel na Jonathan Gallant walikuwa wakiwashindisha njaa bakteria wa utumbo na kuzitenganisha nyukliotidi zao kwenye karatasi ya maabara. Wakaona madoa mawili ambayo hayakupaswa kuwapo, wakayaita madoa ya ajabu. Leo tunajua yalikuwa nini. Viungo vya kujengea protini vikiadimika, kimeng'enya maalumu kinachoegemea ribosomu huhisi upungufu huo. Kisha huchukua fosfeti mbili kutoka kwenye ATP na kuzipachika kwenye nyukliotidi nyingine, ile yenye guanini. Hiyo nyukliotidi mpya ndiyo kengele. Ikishalia, bakteria huacha kukua, huacha kujenga ribosomu, hubana matumizi na kusubiri. Karibu bakteria wote wanayo kengele hii. Bila hiyo, wengi wasingeona asubuhi.

Mwaka 2019, nusu karne baada ya madoa yale, kundi la John Whitney wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, likishirikiana na la Michael Laub wa Marekani, lilitangaza sumu iliyopewa jina Tas1. Inatoka kwa Pseudomonas aeruginosa na hurushwa kwa mtambo wa aina ya sita. Walipochunguza umbo lake walikuta limefanana na kimeng'enya cha kengele ya dhiki. Pseudomonas alichukua chombo ambacho bakteria hukitumia kujiokoa, akakigeuza kuwa cha kuulia. Tofauti ni moja: badala ya kupachika fosfeti kwenye nyukliotidi za guanini, Tas1 huzipachika kwenye nyukliotidi za adenini. Inachukua kutoka kwenye ATP na kupachika kwenye jamii hiyohiyo ya ATP, na kila mara nishati inapotea na kinachotengenezwa hakina kazi.

Kasi yake inatisha. Molekuli moja ya Tas1 hutengeneza hadi molekuli 180,000 za takataka hiyo kwa dakika, sawa na 3,000 kwa kila sekunde. Dakika chache zinatosha kukausha akiba ya ATP ya bakteria aliyechomwa. Na takataka yenyewe huziba kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa adenini mpya, hivyo mhanga hawezi hata kujazia alichopoteza. Anayeirusha sumu hiyo hujilinda kwa protini nyingine inayoifunga Tas1 isimguse yeye na ndugu zake. Asiye na protini hiyo amekwisha.

Mtu wa Nyamiaga au Nyakanazi anaweza kuuliza hayo ya Kanada yanamhusu nini. Pseudomonas aeruginosa hakai Kanada tu. Anakaa kwenye sinki la wodi, kwenye maji yaliyotuama, kwenye udongo wenye unyevu. Barabara ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo inapitisha malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi mchana na usiku, bodaboda zimejaa pembeni mwake, na ajali huleta majeruhi hospitalini kila mara. Kidonda cha mguu kikikaa, muuguzi anafungua bendeji na kukuta usaha wenye rangi ya kijani na harufu tamu isiyo ya kawaida. Rangi hiyo ni ya Pseudomonas. Ndani ya kidonda hicho hayuko peke yake. Wapo na bakteria wengine waliowahi kufika, wale wa ngozi na wa utumbo, na wanachomana kwa nafasi. Mara nyingi yeye ndiye anayebaki, naye ni miongoni mwa bakteria wagumu kutibiwa tulionao, kwa kuwa dawa nyingi za kawaida hazimwingii.

Lakini ugomvi huu una upande unaotufaa. Chukua kibuyu cha maziwa katika nyumba ya mfugaji wa Ngara. Kimesafishwa, kikafukizwa moshi, kisha maziwa yakatiwa na kuachwa siku moja au mbili. Hakuna jokofu wala dawa. Ndani yake bakteria wa asidi ya maziwa wanaongezeka upesi, wanaichachua sukari ya maziwa na kumwaga asidi, na baadhi yao hutoa vijisumu vya kuwaua bakteria wengine. Kimoja cha vijisumu hivyo, nisini, kilianza kufahamika mwaka 1928 na leo viwanda duniani hukitumia kuhifadhi jibini na vyakula vya kopo. Maziwa yakishaganda, bakteria wengi wa kuharisha hushindwa kustawi humo. Wazee waliofukiza vibuyu walikuwa wakiwasaidia walinzi wao bila kuwaona.

Utumbo wetu nao umejaa walinzi. Mabilioni kwa mabilioni ya bakteria wakazi wanakula chakula ambacho mgeni angekula na wanatoa asidi asizozipenda. Tukimeza antibayotiki bila sababu tunawaua hao kwanza, na mgeni akifika anakuta pori tupu. Jambo hili linafahamika vizuri sana kwa wataalamu, lakini madukani halifahamiki. Tumbo likianza kuendesha, wengi wetu huenda duka la dawa kununua Flagyl au sipro kwa kuhesabu vidonge, nusu dozi kama fedha ni ndogo, wakati kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi ambavyo antibayotiki haziviwezi.

Na vita hivi vya bakteria vinaleta jambo baya zaidi. Mwaka 2015, kundi la Melanie Blokesch katika mji wa Lausanne, Uswisi, lilionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu anapoishi juu ya magamba ya viumbe wadogo wa majini huwachoma majirani kwa mtambo wa aina ya sita, kisha hunyonya vinasaba vinavyomwagika kutoka kwa aliyekufa na kuviingiza katika vyake. Kama jirani alikuwa na jeni la usugu wa dawa, muuaji amelirithi. Mwaka 1994 kule Goma, kipindupindu kilikuwa tayari kimekwisha kuwa sugu kwa tetrasaiklini, na Shigella wa Maziwa Makuu alikuwa ameshashinda dawa karibu zote za bei nafuu, mojamoja, tangu mwaka 1979. Kila mlipuko ulikuta kabati lenye dawa chache kuliko mlipuko uliotangulia. Mhudumu mwenye vidonge vilivyopitwa na wakati aliweza tu kumpa mgonjwa maji, uji na kumwombea.

Kengele ya dhiki nayo ina mchango wake. Bakteria waliolala kwa sababu ya njaa hawajengi chochote, na dawa nyingi huua kwa kuvuruga ujenzi. Dozi inapita juu yao, wanaamka baadaye. Hao hawana usugu wa kurithi, wana uvumilivu tu, lakini kadiri wanavyosalimika ndivyo nafasi ya kupata usugu wa kweli inavyoongezeka. Ndiyo maana watafiti kadhaa wanatafuta dawa itakayoizima kengele yenyewe, wengine wakitazama Tas1 kwa hamu, maana imeonyesha kwamba kuivuruga akiba ya adenini ya bakteria ni njia ya kumuua ambayo dawa zetu hazijaitumia.

Hata shambani ugomvi huu upo. Mnyauko wa migomba, ambao wakulima wa Kagera wameujua tangu katikati ya miaka ya 2000 kwa jina la unyanjano, huletwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Ukiukata mgomba mgonjwa, ute wa njano hutoka kwenye jeraha, na ute huo ni bakteria watupu. Jamii hiyo ya Xanthomonas nayo ina mitambo ya kuwaua bakteria wengine inaokutana nao kwenye mmea. Kwa sasa dawa ya mkulima ni kung'oa kilichougua, kukata ua dume kwa kijiti chenye panda na kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina lingine, na hakuna utafiti wa maabara uliomwondolea kazi hiyo.

Ninalotaka kulisema, na nalisema kwa uchungu, ni kwamba Tanzania imejifunza kumtafuta kirusi lakini bado haijajifunza kumtafuta bakteria huko wilayani. Januari 2025, Biharamulo ilipopata Marburg, sampuli zilipimwa katika maabara ya kuhamahama iliyoko Kagera na kuthibitishwa Dar es Salaam. Januari 20 Rais Samia Suluhu Hassan akautangazia ulimwengu, na Machi 13 mlipuko ukatangazwa kumalizika. Watu 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, walikuwa wamekufa. Ulikuwa msiba mkubwa kwa familia hizo, na kazi iliyofanyika kuuzuia usienee inastahili heshima. Lakini kuhara damu, vidonda visivyopona na homa za watoto wachanga zinazoletwa na bakteria sugu huua kimya kimya, mwaka hadi mwaka, bila mkutano wa waandishi wa habari. Duniani, mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko kulikoumia zaidi kwa uwiano wa watu.

Kipimo kinachohitajika si cha anasa. Choo cha mgonjwa huwekwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kikaachwa kwenye joto la mwili usiku kucha. Kesho yake fundi wa maabara anakitazama: vidoa vyekundu vyenye kiini cheusi humfanya amshuku Salmonella, vyekundu visivyo na kiini humfanya amshuku Shigella. Anavithibitisha, kisha anavipanda tena pamoja na vidonge vidogo vya dawa mbalimbali kuona ni dawa gani inawasafisha. Siku ya tatu daktari anajua atumie nini. Tatizo ni kwamba Shigella hufa upesi nje ya mwili. Sampuli isipowekwa kwenye chupa ya kusafirishia yenye dutu maalumu, ikachelewa, maabara itaotesha kisahani kitupu na jibu litaandikwa kwamba hakuna kitu. Hospitali ya rufaa ya Bugando ina uwezo huo, lakini Bugando iko Mwanza. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025, limepunguza adha ya kivuko. Kutoka Ngara bado ni safari ya siku nzima.

Kujua jina la bakteria si suala la kitaaluma tu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, bakteria wa utumbo aliyebeba sumu ya Shiga aliwaua watu zaidi ya 50 waliokula machipukizi ya mbegu. Kwa bakteria wa aina hiyo, baadhi ya antibayotiki zinaweza kuwashtua wamwage sumu zaidi kabla hawajafa. Kwa Shigella wa Benaco ni kinyume, huyo anatakiwa apewe antibayotiki sahihi mapema. Dalili ni zilezile, damu chooni, na matibabu yanatofautiana. Anayempa mgonjwa kidonge bila kupima anabahatisha, hata kama amevaa koti jeupe.

Serikali ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu mwaka 2017, na mpango wa pili unafika hadi mwaka 2028. Halmashauri za Ngara na Biharamulo ziuweke kwenye bajeti kwa vitu vinavyoshikika: chumba kimoja cha kuotesha bakteria katika kila wilaya, mafundi wawili waliosomea kazi hiyo, umeme usiokatika kwenye kabati la joto, na chupa za kusafirishia sampuli katika kila kituo cha afya, hasa vile vilivyo karibu na mpaka wa Rusumo na Kabanga. Eneo lililopokea wakimbizi robo milioni kwa siku moja lina haki ya kuwa na maabara hiyo kabla ya wimbi lingine, si baada yake.

Nawe msomaji, mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi na zinki, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Ukiona damu chooni, usipitie duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na uombe choo chake kichukuliwe kabla hajameza kidonge cha kwanza.